Kampuni Imebaki Jina na Mhuri: Jinsi ya Kumfikia Mkurugenzi Hukumu Isipolipwa Kenya

Hukumu unayo, riba inapanda, na dalali amerudi na jibu lilelile: ofisini kuna meza mbili, kompyuta ya kukodi, na mlinzi asiyejua bosi yuko wapi. Huku nje, mkurugenzi mliyekuwa mkizungumza naye siku zote anaendesha gari lilelile na anafanya biashara ileile kwa jina jingine. Kila mdai aliyefika hapa huuliza swali moja: je, naweza kumdai yeye mwenyewe?

Unaweza, ila si kwa sababu kampuni imeishiwa. Wadai wengi huanguka kwenye hatua hii. Huingia mahakamani na hoja kwamba kampuni haina kitu, hivyo wakurugenzi walipe, na jaji huwarudisha nyumbani pamoja na gharama. Anachotaka kujua jaji ni mali ilienda wapi, lini, na kwa mkono wa nani. Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga kulijibu swali hilo kwa karatasi, maana kwa malalamiko tu hutafika popote.

Pazia linasimama wapi

Tangu kesi ya Salomon iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1897, kampuni ni mtu peke yake kisheria. Madeni yake ni yake. Utengano huo kati ya kampuni na watu walio nyuma yake ndio unaoitwa pazia; kuliinua ni kuwafikia watu hao wenyewe. Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilirudia msimamo huo mwaka 2013 katika Victor Mabachi dhidi ya Nurtun Bates: kampuni ina utu wake, tofauti na wenye hisa, wakurugenzi na mawakala wake, isipokuwa pawe na sababu za kuinua pazia. Na katika Corporate Insurance dhidi ya Savemax Insurance Brokers, uamuzi wa 2002 ambao wakili wa upande wa pili atauweka mezani kabla hujakaa, ilisemwa wazi kwamba pazia haliinuliwi kwa sababu tu kampuni haina mali au imeshindwa kulipa. Kwa hali hiyo sheria ina dawa nyingine.

Pazia huinuka pale kampuni ilipotumiwa kama kinyago. Mfano unaofundishwa kila mahali ni wa Jones dhidi ya Lipman, 1962: mtu alikubali kuuza nyumba, akajuta, akaihamishia kwa kampuni aliyoidhibiti ili mnunuzi asiipate. Mahakama haikudanganyika. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika Prest dhidi ya Petrodel, ilitenganisha mambo mawili ambayo majaji wetu pia huyazingatia: kuficha na kukwepa. Anayeficha huweka kampuni mbele ili asionekane ni nani hasa mwenye mali, na hapo mahakama hutazama tu nyuma yake. Anayekwepa tayari ana wajibu mabegani, ndipo anaingiza kampuni katikati ili wajibu huo usitekelezeke. Kwa hiyo tarehe ndizo zinazobeba kesi. Lori lililouzwa miaka mitatu kabla ya deni halikusaidii. Lori lilelile likiuzwa kwa shemeji wiki mbili baada ya samansi, mambo yanabadilika.

Angalia kwanza kama unahitaji kuinua pazia

Rudi kwenye mkataba wako. Mara nyingi mkurugenzi alishatia saini dhamana binafsi, hasa kwenye mikopo, pango na bidhaa za mkopo, na mdai amesahau. Dhamana ni deni lake mwenyewe. Mshtaki kwa hiyo dhamana na uachane na pazia. Vivyo hivyo kama alitia saini kwa jina lake bila kutaja kampuni, au alifanya mkataba kwa niaba ya kampuni ambayo wakati huo haikuwa imesajiliwa. Na kama yeye mwenyewe alikudanganya ili utoe mali, hiyo ni kesi ya ulaghai dhidi yake, tofauti na ile uliyoshinda.

Weka faili sawa

Ombi dhidi ya mkurugenzi hufunguliwa katika faili ileile iliyokupa hukumu, kwa hiyo faili ikiwa na kasoro, kasoro hizo zitakufuata. Hakikisha dikrii, yaani amri rasmi ya mahakama inayotokana na hukumu, imetolewa na inalingana na hukumu hiyo, na kwamba gharama zimekadiriwa. Usiombe utekelezaji wa jumla ambayo bado haijulikani.

Hesabu umri wa dikrii. Ikizidi mwaka mmoja, Agizo la 22 kanuni ya 18 la Kanuni za Mwenendo wa Madai linataka kampuni ipewe kwanza notisi ya kuonyesha sababu kwa nini hukumu isikazwe, yaani isitekelezwe kwa nguvu. Ikizidi miaka 12, Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, kifungu cha 4(4), inakufungia mlango. Riba yenyewe haidaiwi zaidi ya miaka 6 nyuma. Angalia pia kama kuna amri ya kusimamisha utekelezaji chini ya Agizo la 42 kanuni ya 6. Ukiendelea huku amri hiyo ipo, unampa mkurugenzi huruma asiyostahili.

Kisha jaribu kukaza hukumu dhidi ya kampuni yenyewe, na ufanye hivyo kwa dhati. Omba mahakama itoe waranti ya kukamata mali na umtume dalali mwenye leseni. Dalali akikuta mali inayohamishika, ataiorodhesha na kutoa siku 7 za kulipa kabla ya kuichukua. Akikosa, mwambie aandike ripoti yenye maelezo: alienda wapi, tarehe gani, alikuta nini, nani alimwambia nini. Ripoti ya mstari mmoja isemayo “hakuna mali” haina uzito. Iliyoandikwa “nilikuta ofisi ileile, wafanyakazi walewale, lakini bango jipya na risiti za kampuni nyingine” ni nusu ya ushahidi wako.

Jaribu pia benki. Agizo la 23 linakuruhusu kufuata pesa za kampuni zilizo mikononi mwa mtu wa tatu, iwe benki au mteja anayedaiwa na kampuni. Namba ya akaunti iko kwenye hundi, ankara au risiti za zamani. Benki ikijibu kwamba akaunti ilifungwa mwezi mmoja baada ya hukumu, tunza jibu hilo vizuri.

Jua ni nani hasa

Omba CR12, hati rasmi ya taarifa za kampuni, kwenye mfumo wa Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen. Inaonyesha wakurugenzi, wenye hisa, na anwani. Lakini CR12 ni picha ya siku ilipotolewa. Mkurugenzi mjanja hujiuzulu akinusa hukumu, akamwachia kiti dereva au mpwa wake. Kwa hiyo omba pia nakala za fomu za mabadiliko ya wakurugenzi na hisa, ujue nani alikuwa ofisini deni lilipozaliwa, kesi ilipofunguliwa, na mali ilipohamishwa. Anayewajibika ni yule aliyeshika usukani wakati huo. Ukimlenga mtu aliyejiuzulu miaka miwili kabla, ombi litakufa na gharama juu.

Tangu 2020 kampuni zinatakiwa pia kuweka rejista ya wamiliki halisi, yaani watu wenye angalau asilimia 10 ya hisa au udhibiti, hata kama majina yao hayako mbele. Rejista hiyo haiko wazi kwa kila mpita njia, ila unaweza kuitaja miongoni mwa nyaraka ambazo kampuni itaamriwa kuzileta.

Tafuta jina la mkurugenzi kwenye kampuni nyingine, hasa iliyosajiliwa baada ya wewe kushtaki. Fanya upekuzi wa magari na ardhi za kampuni, sasa na kabla. Piga picha za mabango, hifadhi ankara, linganisha namba za simu. Na usisahau namba za malipo: kama wateja walikuwa wakilipia paybill ya kampuni na sasa wanaelekezwa till ya mkurugenzi, hapo ndipo pesa zilipopitia.

Ukikuta kampuni imefutwa kwenye rejista, itabidi kwanza uombe mahakama irudishe jina lake. Huwezi kukaza hukumu dhidi ya marehemu.

Ombi la mahojiano: kanuni ya 35

Moyo wa mwongozo huu ni Agizo la 22 kanuni ya 35 ya Kanuni za Mwenendo wa Madai za 2010. Kwa dikrii ya pesa, unaweza kuomba mahakama iamuru mdaiwa, au kama ni kampuni, ofisa wake yeyote, au mtu mwingine yeyote, afike na kuhojiwa kwa mdomo: kampuni inadai nani, ina mali gani, ina njia gani ya kulipa. Mahakama inaweza pia kuamuru vitabu na nyaraka viletwe.

Soma tena maneno “mtu mwingine yeyote”. Unaweza kumwita mhasibu. Unaweza kumwita mkurugenzi wa zamani. Wachache hulitumia neno hili, na mara nyingi mhasibu ndiye anayejua alikozikwa maiti.

Ombi huja kwa hati ya ombi pamoja na hati ya kiapo. Kiapo kieleze dikrii na salio hadi leo, kila jaribio la kukaza na matokeo yake, nani alikuwa mkurugenzi wakati gani, na kwa nini unaamini mali ilihamishwa. Ambatisha dikrii, waranti, ripoti ya dalali, CR12 na fomu za mabadiliko, majibu ya benki, picha.

Maombi yenyewe yawe mahususi. Kwanza, fulani na fulani wafike mahakamani tarehe itakayopangwa wahojiwe. Pili, siku kadhaa kabla ya mahojiano walete nyaraka ulizoziorodhesha moja moja. Ukiandika “vitabu vyote vya kampuni” utaletewa daftari la chai. Andika hivi:

- taarifa za akaunti zote za benki, pamoja na paybill na till, tangu mwezi deni lilipozaliwa hadi leo;
- hesabu zilizokaguliwa na marejesho ya kodi ya kipindi hicho;
- orodha ya mali za kudumu, logibuku za magari na hati za ardhi, pamoja na mikataba ya mauzo ya chochote kilichouzwa;
- orodha ya wanaodaiwa na kampuni;
- kumbukumbu za mikutano ya bodi, mikopo kwa wakurugenzi, na mikataba na kampuni zenye uhusiano nao;
- rejista ya wenye hisa na ya wamiliki halisi.

Je, uombe hapohapo kwamba wasipofika pazia liinuliwe? Mawakili wengi huweka ombi hilo kama la akiba. Hakuna ubaya, mradi liwe la masharti na usilitegemee. Madhumuni ya kanuni ya 35 ni kugundua mali. Yenyewe haimgeuzi mtu kuwa mdaiwa. Mahakama hukasirika mdai anaporuka mahojiano na kwenda moja kwa moja kwenye mali ya mkurugenzi.

Wito umfikie mkurugenzi mwenyewe. Kuuacha kwa karani wa mapokezi ni kumwandalia sababu ya kufuta kila kitu baadaye. Akijificha, omba njia mbadala chini ya Agizo la 5 kanuni ya 17. Tangu marekebisho ya 2020, wito waweza pia kutumwa kwa barua pepe au ujumbe wa simu kwa anwani na namba anayoitumia. Weka ushahidi kwamba ulifika, na mpelekaji wito aapie jambo hilo.

Siku ya mahojiano

Usiulize “kampuni ina mali gani?” Utajibiwa “hakuna” na mahojiano yamekwisha. Anza na unachokijua. Mpe taarifa ya benki na umwombe aeleze malipo moja moja: hii milioni ilikwenda kwa nani, kwa kazi gani, ankara iko wapi. Kisha gari: lilinunuliwa lini, likauzwa lini, kwa bei gani, pesa ziliingia akaunti ipi. Kisha wateja: mkataba wa kampuni ya kwanza ulikuwa wa miaka mitatu, kwa nini mwaka wa pili ankara zinatoka kampuni ya pili? Nani alilipwa kwa kuuhamisha? Kama hakuna aliyelipwa, kampuni ilitoa bure kitu chenye thamani huku ikidaiwa.

Hakikisha majibu yanaandikwa kwenye rekodi ya mahakama, maana ndiyo ushahidi wa hatua inayofuata. Jibu la “sikumbuki” nalo liandikwe, pamoja na “nyaraka ziliungua”.

Mahojiano haya huleta moja ya mambo manne. Mali hupatikana, na unarudi kuikamata. Hapo huhitaji pazia tena. Au mkurugenzi anaomba kulipa kwa awamu, na mnaandika makubaliano ya mahakama ambamo yeye mwenyewe anadhamini malipo. Sisi tungechukua hilo haraka kuliko ushindi wowote wa pazia, kwa sababu halina rufaa. Au inathibitika kwamba kampuni ilikufa kifo cha kawaida, na lazima ukubali. Au hafiki, au anafika mikono mitupu, au vitabu vinamsaliti.

Asipofika bila sababu, omba waranti ya kumleta. Kukataa kwake kuleta nyaraka kunajenga hoja kwamba anaficha, na ziko amri za Mahakama Kuu zilizomfanya mkurugenzi wa namna hiyo awajibike binafsi. Lakini usitegemee ukaidi peke yake ikiwa una ushahidi mwingine.

Ombi la kuinua pazia

Sasa ndipo unamlenga yeye. Ombi jipya, katika faili ileile, linaloomba tamko kwamba mkurugenzi fulani anawajibika binafsi kwa salio, na ruhusa ya kukaza hukumu dhidi yake. Mtaje kwa jina na umpelekee. Atasema hakuwa mshtakiwa katika kesi ya awali. Jibu lako ni kwamba hilo hulipingi, na ndiyo sababu unamsikilizisha sasa. Unachoomba ni mahakama itazame nyuma ya kampuni aliyoitumia kukwepa dikrii. Amri iliyotolewa bila yeye kusikilizwa haitadumu.

Panga hoja kwa kalenda: tarehe ya deni, ya kesi, ya hukumu, na katikati yake kila uhamisho. Kurasa mbili za tarehe zinamshawishi jaji yeyote aliyechoka kuliko kurasa kumi za matukano. Tenganisha wakurugenzi pia. Mke aliyewekwa kwenye CR12 na hajawahi kuona hundi si sawa na mume aliyetia saini zote; ukiwachanganya, utetezi wa mmoja unaweza kuwaokoa wote wawili.

Mambo ambayo hayatoshi yakiwa peke yake: kampuni kuwa na mtu mmoja, wakurugenzi kuwa walewale katika kampuni mbili, kampuni kupata hasara, mkurugenzi kuishi vizuri. Yanayobeba uzito: pesa za kampuni na za mtu kuchanganywa, mali kuhamishwa bila malipo baada ya madai, biashara nzima kuhamia kampuni mpya huku madeni yakiachwa ya zamani, kampuni kufunguliwa mahususi kuepa wajibu uliopo.

Ukishapata amri

Toa waranti mpya zenye jina la mkurugenzi. Kukamata mali yake kwa waranti ya kampuni ni kosa la kawaida, na linampa mlango wa kukushtaki. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinalinda baadhi ya vitu, kama nguo, vitanda, vyombo vya kupikia na zana za kazi. Tarajia pingamizi chini ya Agizo la 22 kanuni ya 51: mke atasema gari ni lake, kampuni ya pili itasema samani ni zake. Kuwa na upekuzi wa umiliki kabla dalali hajaenda.

Jela ya madai ipo, hadi miezi sita, na wewe ndiye unayelipia chakula chake. Haifuti deni. Mwaka 2012, katika Beatrice Wanjiku dhidi ya Mwanasheria Mkuu, Mahakama Kuu ilisisitiza kwamba mtu hafungwi kwa sababu ya kutoweza kulipa. Lazima apewe notisi ya kuonyesha sababu na uthibitishe kuwa ana uwezo lakini anakataa au anaficha. Kabla hajatamkwa kuwajibika binafsi, huwezi kumfunga kwa deni la kampuni hata kidogo.

Njia ya ufilisi, na polisi

Wakati mwingine dawa bora ni ufilisi. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, kampuni huhesabika haiwezi kulipa ikiwa utekelezaji wa dikrii umerudi bila kulipwa, au ikipuuza kwa siku 21 notisi rasmi ya deni la shilingi 100,000 au zaidi. Mfilisi, yaani msimamizi wa kuifunga kampuni, akiteuliwa, anachukua vitabu vyote, anaweza kufuata mali zilizotolewa kwa hila, na kifungu cha 506 kinamruhusu kuomba waliojua kwamba biashara inaendeshwa kwa ulaghai wachangie kutoka mifukoni mwao. Ubaya wake: kitakachopatikana ni cha wadai wote, na wewe bila dhamana unasimama nyuma ya benki, mishahara na kodi. Kwa deni dogo na kampuni yenye wadai wengi, usiende huko.

Kuendesha biashara kwa nia ya kulaghai wadai pia ni jinai chini ya kifungu cha 1002 cha Sheria ya Makampuni ya 2015, hata kama kampuni haijafilisiwa. Kesi ya madai na ya jinai zinaweza kwenda pamoja. Lakini ukienda polisi ili tu mkurugenzi atishike alipe, wakili wake ataomba Mahakama Kuu isimamishe mashtaka kwa kutumia vibaya mchakato, na mara nyingi atafaulu. Peleka ushahidi wa uhalifu kama unao. Deni libaki mahakama ya madai.

Malipo yakianza

Kila senti inayolipwa nje ya mahakama iandikishwe mahakamani chini ya kanuni za mwanzo za Agizo la 22, iwe imepitia M-Pesa, hundi au mkononi. Andika jumla iliyobaki kila mwezi na mtie saini nyote wawili. Ikitokea awamu ya tatu haikuja, utaomba waranti kwa salio ambalo mkurugenzi mwenyewe alishalikubali kwa saini yake.